Kwenda Bangkok Kuna Msimu Wake

Watu wa visiwa hivi hawana haja ya kufundishwa kwamba safari ina mwezi wake. Wazee wetu walijua kuwa kaskazi ikishika mnamo Disemba ndipo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaingiapo bandarini, na kwamba nahodha aliyechelewa kutweka kusi ilipoanza angekuja kukuta bahari imechafuka Juni na Julai, akalazimika kungoja, awe na haraka asiwe nayo. Neno lenyewe tulitumialo, msimu, tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu hao hao ndio waliowapa Wamalay neno lao musim, likiwa na maana ile ile. Pwani zote za bahari hii zilijifunza kuhesabu mwaka kwa upepo.

Tangu kuja kwa ndege, elimu hiyo imeachiwa wavuvi. Msafiri wa leo anayeondokea Kisauni huuliza nauli, huuliza viza, huuliza hoteli. Ni nadra kuuliza upepo. Na jambo la ajabu ni kwamba sisi wenyewe tunaishi kwa kujibu swali hilo. Kila mgeni anayetaka kuja Unguja hutuuliza mwezi gani ni mzuri, nasi twamwambia asije Aprili kwa kuwa masika yatamfungia chumbani, na baadhi ya hoteli zetu hufunga milango katika wiki hizo. Twajua kuwauzia watu miezi. Inapofika zamu yetu ya kununua, twanunua kwa upofu.

Tumeamua leo kuzungumzia mji mmoja, nao ni Bangkok, makao makuu ya Thailand. Wafanyabiashara wa nguo wa Afrika wanaujua kwa sababu ya masoko yake ya Pratunam na Bobae. Wauzaji wa vito wanaujua kwa sababu tanzanaiti nyingi hupelekwa huko ikakatwe. Wanafunzi wanaijua Taasisi ya Teknolojia ya Asia iliyo kaskazini ya mji huo, na maofisa wa Serikali zetu huitwa mikutanoni katika jumba la Umoja wa Mataifa lililo kwenye barabara ya Ratchadamnoen Nok. Hata asiyekwenda popote, mchele wa Thailand umepata kupikwa katika chungu chake. Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine, nayo ni maji: Bangkok ni mji uliojengwa kwenye bonde la matope, wastani wa mita moja na nusu tu juu ya usawa wa bahari, na umepigana na mafuriko tangu ulipofanywa makao ya wafalme mwaka 1782. Mtu wa visiwani aliyepata kuiona barabara ya Mwanakwerekwe ikigeuka ziwa katika masika ana la kujifunza huko. Ila atajifunza nini, itategemea sana amekwenda mwezi gani.

Tuanze na upepo, maana ni wetu. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alieleza kwa vipimo jambo ambalo manahodha walilijua kwa matanga: kwamba kusi inayotuvumia Juni na Julai hupanda pwani ya Kenya na Somalia kwa kasi kubwa, ikageuka kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Arabuni, ikaishukia Bara Hindi. Mkondo huo haukomi hapo. Sehemu yake huendelea kupita Ghuba ya Bengal mpaka nchi ya Thailand. Kwetu hupita na ubaridi na manyunyu ya mchoo; kule hufika umebeba maji ya bahari mbili. Ndiyo sababu mvua za Bangkok huanza katikati ya Mei na kukoma katikati ya Oktoba, miezi ambayo kwetu ni ya kipupwe na kiangazi. Kisha upepo hugeuka. Nchi ya China na Siberia hupoa, hewa kavu hutelemka kutoka kaskazini-mashariki, na Thailand hukauka wakati ule ule ambapo sisi twaanza kungojea kaskazi. Kwa hiyo ayajuaye majira ya Unguja anayo nusu ya majira ya Bangkok. Kilichobaki ni kujua mvua imepewa upepo gani.

Idara ya Hali ya Hewa ya Thailand huugawa mwaka sehemu tatu. Kuna mvua, tuliyokwisha kuitaja. Kuna wakati wa baridi, tangu katikati ya Oktoba mpaka katikati ya Februari. Na kuna wakati wa joto, unaodumu mpaka Mei. Hiyo baridi isimtishe mtu. Usiku wa Januari katika Bangkok hufika nyuzi 21 au 22, na mchana hupanda mpaka 32, yaani adhuhuri yao ya "baridi" ni kali kuliko adhuhuri yetu ya Julai. Wenyeji huvaa majaketi na kufurahi. Mgeni kutoka Pemba atatafuta kivuli.

Vitabu vyote vya wasafiri vinasema jambo moja: nenda kati ya Novemba na Februari. Kwa upande wa mvua vinasema kweli. Septemba hunyesha zaidi ya milimita 300, na Disemba na Januari kila mmoja haufiki milimita 30. Hapo ndipo hoteli hujaa, bei hupanda, na Wazungu wanaokimbia theluji hukutana na wenzao waliowaacha nyumbani. Ushauri huu umerudiwa kwa miaka mingi kiasi cha kuonekana kuwa sheria, nasi twapenda kuupunguza nguvu, kwa sababu umeacha jambo ambalo kila mwenye kifua kibovu anapaswa kulijua kabla hajalipa nauli.

Jambo lenyewe ni hewa. Kuanzia Disemba mpaka Machi hewa ya Bangkok hutulia mno. Upepo wa kaskazini huwa dhaifu, na hewa ya joto hukaa juu ya mji kama kawa juu ya chakula, ikauzuia moshi usipande. Chini ya kawa hiyo mna magari yasiyohesabika, mengi yakienda kwa dizeli, mna viwanda, na juu ya hayo mna moshi wa mashamba, maana ndio wakati ambao wakulima huchoma mabua ya mpunga na majani ya miwa ili kusafisha konde. Vumbi lake ni laini hata halionekani punje moja moja. Huonekana tu kama ukungu mweupe unaofuta minara ya mji, nalo huingia mapafuni na hata katika damu. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kipimo cha mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo kwa siku moja. Thailand yenyewe, kuanzia Juni 2023, imejiwekea kikomo cha 37.5, na hata hicho huvukwa mara nyingi katika Januari na Februari. Januari 2025 hali ilifika mahali ambapo skuli zaidi ya 300 za mji huo zilifungwa kwa vumbi, na Serikali ikawaacha watu wapande treni na mabasi bila malipo kwa wiki moja ili wayaache magari nyumbani.

Huu ndio mwezi ambao vitabu vinausifu. Msafiri mwenye afya atakohoa kidogo na kuendelea na shughuli zake. Lakini mgonjwa wa pumu, au mzee mwenye maradhi ya moyo anayepelekwa kutibiwa, au mtoto mdogo, hawa kwenda Bangkok mwishoni mwa Januari kwa sababu tu kitabu kimesema hakuna mvua ni kuwapeleka penye adha. Kama daktari amesema safari haingoji, basi haingoji. Kama inangoja, na ingoje.

Baadaye huja joto. Aprili hushinda miezi yote, kwa kuwa Bangkok iko nyuzi 13 na kitu kaskazini ya Ikweta, na mwishoni mwa mwezi huo jua hupita utosini. Mchana huzidi nyuzi 35 siku nyingi, na mvuke wa mto na wa bahari huongeza uzito wake. Katikati ya mwezi huo, tarehe 13 mpaka 15, ni Songkran, mwaka mpya wa kale wa nchi hiyo, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwezi wa Disemba 2023. Asili yake ni ibada na heshima: vijana humwagia wazee maji ya manukato mikononi, na sanamu za Budha huoshwa. Mitaani imekuwa ni vita vya maji tangu asubuhi mpaka usiku, na hakuna anayesalimika, awe amevaa suti au kanzu. Mtu wa Makunduchi, ambaye kwao mwaka nao hukogwa, atayaelewa haya upesi kuliko Mzungu. Ila mfanyabiashara asiende kabisa. Mafundi na wauza nguo wengi hurudi makwao mikoani, maduka ya jumla hufunga, na mtu huweza kukaa hotelini siku sita akilipa chumba ili asubiri mlango wa duka ufunguliwe. Barabara za kutoka mjini katika siku hizo zina ajali nyingi mno, hata Serikali yao imezizoea kuziita siku saba za hatari.

Kuna hesabu nyingine ya miezi ambayo twaona inafaa kuelezwa, kwa kuwa hutatiza watu wa ofisi. Barua rasmi ya Thailand hubeba mwaka wa Kibudha, ambao umetangulia wa kwetu kwa miaka 543. Mwaka 2025 kwao ulikuwa 2568. Mwaka wao wa Serikali ulikuwa ukianza Aprili, kisha ukahamishiwa Januari kuanzia 1941, na kwa sababu hiyo mwaka wao wa 2483 ulikuwa na miezi tisa tu. Lakini majina yao ya miezi yamepangwa kwa akili ambayo twaionea wivu: miezi yote ya siku 30 huishia kwa sauti moja, "yon", na yote ya siku 31 huishia kwa sauti nyingine, "khom", na Februari ina mwisho wake peke yake. Mtoto wao hana haja ya kuhesabu mifundo ya vidole.

Mwezi wa mbinguni pia wanaufuata, kama sisi. Sikukuu ya Loy Krathong, ambapo watu huelea vikapu vidogo vya majani ya mgomba vyenye mishumaa juu ya mto na mifereji, huwa usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wao wa 12, ambao aghalabu huangukia Novemba. Wachina wa mtaa wa Yaowarat nao wana mwaka wao mpya, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, na maduka yao mengi hufunga siku hizo. Mfanyabiashara na alihesabu hilo pia.

Waislamu wa visiwani watauliza juu ya Ramadhani. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na katika miaka hii imo katika kiangazi cha Bangkok: mwaka 2026 imeanza katikati ya Februari, na kufikia 2030 itaingia mara mbili katika mwaka mmoja wa Kizungu, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Mchana wa miezi hiyo kule ni mfupi kidogo kuliko wetu, na kwa hiyo saumu si nzito. Misikiti ipo, tena ya kale. Msikiti wa Haroon uko karibu na mto katika Bang Rak, na kando ya mfereji wa Saen Saep wako Waislamu wa Ban Krua, wenye asili ya Kicham, ambao kazi yao ya kufuma hariri ilijulikana dunia nzima. Mfungaji hatakosa pa kufuturu. Mwenye kufunga lakini kifua chake kina udhaifu, na ayakumbuke tuliyoyasema juu ya vumbi.

Sasa tufike kwenye mvua, maana hapa ndipo tunapotofautiana na vitabu kuliko popote.

Mvua ya Bangkok haifanani na masika yetu yanayoweza kunyesha tangu alfajiri hadi magharibi. Huko siku nyingi za Juni, Julai na Agosti asubuhi huwa nyeupe, wingu hukusanyika baada ya adhuhuri, na mvua humwagika jioni kwa saa moja au mbili kama ndoo iliyopinduliwa, kisha ikakatika. Mwenye shughuli zake asubuhi huzimaliza. Hewa huwa imeoshwa. Hoteli ambayo Disemba humtoa mtu jasho kwa bei huwa na vyumba vitupu. Na ndio wakati wa matunda: duriani za Chanthaburi huingia mjini Mei na Juni, pamoja na mashokishoki, ambayo sisi twayajua na ndugu zetu wengi wa bara hawayajui. Asithubutu mtu kuingia na duriani hotelini au ndani ya treni, kwa kuwa matangazo ya kulikataza yamebandikwa. Nadhani na hoteli zetu zingefanya vivyo hivyo kama zingejua kuna wageni wenye kulipenda. Kwa mfanyabiashara asiyekuwa na mali nyingi, twasema Juni na Julai ni miezi bora kuliko Januari, ila tu asipange kukimbilia uwanja wa ndege saa kumi na moja ya jioni, kwani mvua na magari vikikutana hakuna kinachokwenda.

Septemba na Oktoba ni jambo jingine. Hapo mto Chao Phraya huwa umekwisha kupokea maji ya kaskazini yote ya nchi, ambayo huchukua wiki nyingi kutelemka bondeni, na mwishoni mwa Oktoba huweza kukutana na bamvua inayopanda kutoka Ghuba ya Thailand. Yaani mji hushambuliwa kutoka pande tatu: mbinguni, mtoni na baharini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2011. Dhoruba zilianza mwisho wa Julai, mabwawa makubwa ya Bhumibol na Sirikit yakajaa, na mwezi wa Oktoba maji yakaufikia mji. Uwanja wa ndege wa Don Mueang ulifungwa tarehe 25 Oktoba, haukufunguliwa mpaka Machi 2012. Taasisi ya Teknolojia ya Asia ilizama. Watu zaidi ya 800 walikufa katika nchi nzima, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya dola bilioni 46.5. Kitovu cha mji kilinusurika, lakini kwa gharama ya walio pembeni, maana malango ya maji na kuta za mifuko ya mchanga zilizokikinga ziliyarudishia maji mitaa ya nje. Katika wilaya ya Khlong Sam Wa wakazi waliokuwa wamezama kwa siku nyingi walichoka, wakalazimisha mlango wa maji wa kwao ufunguliwe zaidi. Ofisa yeyote anayepanga mitaro ya mji, popote duniani, angefaa kuisoma habari ya mlango ule: kila mtaro unayachukua maji kutoka kwa mtu fulani na kuyapeleka kwa mtu mwingine, na huyo mwingine naye ana kauli.

Wathai hawakukaa kitako baada ya hapo, na hata kabla yake. Mfalme Bhumibol alikwisha kuanzisha mwaka 1995 mpango walioupa jina la mashavu ya kima. Alikuwa amemwona kima akijaza ndizi mashavuni kwanza, akazila baadaye polepole. Basi akataka mji uwe na mabwawa na mashimo ya kuyahifadhi maji ya mvua kubwa mpaka bahari itakapokupwa, ndipo yaachiwe. Mtu wa Jozani hana haja ya kuelezwa zaidi. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Chulalongkorn kilifungua bustani iliyobuniwa na Bibi Kotchakorn Voraakhom, ambayo ardhi yake imeinamishwa nyuzi 3 ili mvua yote itelemke kuelekea bwawa lililo upande wa chini, na inaweza kuzuia kiasi cha lita milioni 3.8 zisiingie mitaani. Mwaka 2022 ukafunguliwa msitu wa Benjakitti, penye mabwawa na visiwa vya miti katikati ya majumba marefu. Chini ya mji mmechimbwa mahandaki makubwa ya kupeleka maji mtoni. Na mifereji ya kale ingalipo, ukiwamo huo wa Saen Saep ulioanzwa kuchimbwa 1837, ambao mpaka leo hubeba abiria kwa mashua na hubeba maji ya mvua pia.

Vitu hivi vyote mwezi wa Disemba ni mandhari tu. Mgeni hupelekwa katika bustani, huelezwa kwamba imeinama, huangalia majani makavu, hupiga picha, hupewa chai. Pampu zimezimwa. Lango la maji liko wazi, na mlinzi wake amekaa kivulini. Hakuna swali gumu litakaloulizwa, kwa sababu hakuna kitu kinachoshindwa kufanya kazi. Na ni kweli kwamba Bangkok hushindwa: mitaro huziba kwa takataka, baadhi ya mitaa bado hufurika baada ya saa moja ya mvua, na ardhi yenyewe imekuwa ikididimia tangu enzi za kuvuta maji ya visima vya viwanda bila kiasi. Hayo ndiyo yenye faida kwetu kuliko mafanikio yao, kwa kuwa sisi hatuna fedha zao za kukosea mara mbili. Hayaonekani ila mvua inaponyesha.

Kwa sababu hiyo maoni yetu ni kwamba ujumbe wowote wa Serikali, wa Baraza la Manispaa au wa wahandisi, unaotumwa Bangkok kwa fedha za umma ili kujifunza habari za maji, utumwe katika nusu ya kwanza ya Septemba. Tumesema nusu ya kwanza kwa makusudi. Mwaka wa fedha wa Thailand huisha tarehe 30 Septemba, na siku hiyo hiyo ndipo watumishi wa Serikali waliofikia miaka 60 wanapostaafu wote kwa pamoja, na uhamisho mkubwa wa maofisa hufuata tarehe 1 Oktoba. Ujumbe ukifika wiki ya mwisho ya Septemba utakaribishwa na mkurugenzi anayefunga masanduku yake. Ukifika wiki ya kwanza ya Oktoba utaonana na mtu ambaye naye ni mgeni, na anayaona makaratasi yake kwa mara ya kwanza. Fundi mwenye kuyajua malango ya maji kwa miaka 30 hupatikana kabla ya hapo, na huwa kazini usiku.

Tunajua litakalojibiwa. Watasema wakubwa wetu kwamba bajeti huanza Julai, na fedha za safari hazitoki upesi, na kwa hiyo ziara nyingi husogea mpaka ile miezi ya mwisho kabla ya Juni, fungu lisije likarudi. Hatulikatai kwamba ndivyo kazi zinavyokwenda mahali pengi. Lakini hesabu ya fedha inaweza kuandikwa mapema. Mvua ya Septemba haiwezi kuahirishwa. Ziara ya Aprili itaangukia Songkran, ofisi zimefungwa, na wajumbe watarudi wakiwa wameloa maji yasiyo na mafunzo. Tena Aprili hiyo hiyo ndipo masika yetu yanapokuwa yamepamba moto, na mhandisi wa mitaro mahali pake ni hapa mjini, penye maji yake mwenyewe.

Ama msafiri wa kawaida ambaye hana ujumbe wala maradhi, anayetaka kuuona mji, kuzuru mahekalu yake, kupanda mashua na kula vizuri, huyo twampa jibu bila ya kuzungukazunguka: wiki ya mwisho ya Novemba na siku kumi za mwanzo za Disemba. Mvua imekwisha, mto umeanza kushuka, miti ingali mibichi, joto limepungua, na kawa la moshi bado halijafunika sawasawa. Bei ni ya juu, lakini haijafika ile ya Krismasi. Akipatana na mwezi mpevu wa Novemba ataiona Loy Krathong. Akikosa wiki hizo, basi aende Julai achukue mwavuli, kuliko Februari.

Nao maofisa tunaowashauri waende Septemba, barua yao kwa mamlaka ya mji wa Bangkok iondoke mwezi wa Julai, bajeti ikipita tu. Iombe mambo mawili ambayo wenyeji hawatayatoa wasipoombwa: siku za kutosha, zisizopungua kumi, ili mvua kubwa ipate kuwakuta, na ruhusa ya kukaa katika kituo cha pampu kwenye mdomo wa mfereji jioni hiyo mvua itakapoanza, mpaka maji ya mitaani yatakapokauka, wakiandika saa ya kila jambo.